Si Uchawi, ni Sumu ya Kuvu

Watu wa Ihanja, mkoani Singida, ni wakulima. Hulima mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti. Siku ya mavuno ni siku ya furaha. Lakini mavuno yasipotunzwa vizuri yanaweza kuleta ugonjwa, hata kifo.

Mwaka 2016 ugonjwa ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mikoa hiyo inapakana na Singida. Wagonjwa waliumwa tumbo na kutapika. Macho yao yaligeuka rangi ya manjano. Wengine walivimba tumbo.

Ugonjwa wa namna hii hutia hofu. Watu huuliza: Kwa nini umeingia nyumba hii, wala si ile? Tangu zamani wako wanaojibu upesi: "Wamerogwa." Hapo jirani humtazama jirani kwa jicho baya. Mara nyingi anayelaumiwa ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Kumbe macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Mbuzi huuzwa ili kumlipa mpiga ramli. Mgonjwa naye huchelewa kufika hospitali.

Wataalamu nao waliuliza swali lile lile. Lakini hawakupiga ramli. Walichukua mahindi katika nyumba zenye wagonjwa. Walichukua pia mahindi ya watu wasiougua. Wakayapima yote. Mahindi ya nyumba zenye wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi. Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao walifariki.

SUMUKUVU NI NINI?

Kuvu ni ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga. Kuvu wa aina fulani hutoa sumu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho. Kupika hakuiondoi. Ukila sumu nyingi, ini huharibika. Ukila kidogo kidogo kwa miaka mingi, unaweza kupata saratani ya ini.

Hata nchi za mbali zilipata taabu hii. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wataalamu walichunguza chakula chao. Wakakuta sumu imo katika karanga walizolishwa. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyojulikana.

PIMA MAHINDI YAKO

Kuvu hupenda unyevu. Basi kausha mahindi yako sawasawa. Utajuaje kama yamekauka? Jaribu hivi:

Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi cha robo ya chupa. Tia na chumvi kavu kidogo. Funga, kisha tikisa vizuri. Ngoja dakika 15. Sasa tazama. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yaanike tena. Chumvi isiponata, mahindi yamekauka. Yaweke ghalani.

Fanya na haya:

1. Vuna mapema mazao yakikomaa.
2. Anika juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo.
3. Usipukuchue kwa kupiga kwa fimbo. Punje zikivunjika, kuvu huingia upesi.
4. Chagua na kutoa punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi.
5. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.
6. Mahindi yenye kuvu usiyapikie pombe, wala usiwape mifugo. Ng'ombe akila, sumu huingia katika maziwa.

Mtu akipata dalili tulizotaja, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mweleze mhudumu chakula mlichokula.

Ndugu msomaji, kuuliza sababu ya ugonjwa si kosa. Kosa ni kumtaja jirani kabla ya kutazama ghala. Chupa, chumvi na jua unavyo. Msimu huu pima mahindi yako, kisha mfundishe na jirani yako.