Gari halijagonga kitu, mbona abiria ameumia?

Fridley, Minnesota

Abiria anapoumia garini, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kasi. Lakini wakati mwingine kinachomuumiza ni kitu kingine, ambacho hesabu yake ni ya kugawanya tu, na ambacho dereva anaweza kukitawala kwa mguu wake wa kulia.

Fridley ni mji wenye wakazi karibu 30,000, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Mississippi, kaskazini ya Minneapolis. Katika eneo hili wapo Waafrika Mashariki wengi ambao riziki yao ni usukani: mabasi, malori, teksi na magari ya kupeleka wagonjwa na wazee kliniki.

Mimi si dereva wa kazi. Lakini majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nampeleka mama yangu mzazi kwa daktari. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, na nyonga ilikuwa ikimsumbua. Kwenye barabara ya University taa ikageuka nyekundu mbele yetu, nikakanyaga breki. Gari lilisimama kabla ya mstari. Hatukumgonga mtu wala hakuna aliyetugonga. Mama, mkanda akiwa ameufunga, akaguna na kushika nyonga.

"Mwanangu, gari halijagonga kitu, mbona nimeumia?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta katika fizikia niliyoiacha sekondari.

Mambo matatu, si mawili

Wengi wetu tunakumbuka mambo mawili. La kwanza ni kasi, yaani umbali unaokwenda kwa muda fulani. Kasi peke yake haiumizi: abiria wa ndege anakwenda kilomita 900 kwa saa na chai yake haimwagiki.

La pili ni mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Kufunga breki nako ni mchapuko, ila wa kurudi nyuma. Newton alionyesha katika karne ya 17 kwamba nguvu inayousukuma mwili inalingana na mchapuko. Ndiyo maana gari likifunga breki unahisi unavutwa mbele.

Lakini lipo la tatu, ambalo shuleni halikutajwa kabisa: jinsi mchapuko wenyewe unavyobadilika. Kwa kuwa Kiswahili hakijalizoea, katika makala hii tuliite mshtuo. Nguvu ikija taratibu, shingo hukaza, miguu hujizuia na mgongo hujipanga. Nguvu ile ile ikija ghafla, misuli haiwahi. Kichwa kinarushwa, kiungo kibovu kinavutwa, na abiria aliyesimama anaanguka.

Hesabu yenyewe

Tuseme gari linakwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Madereva wawili wanafunga breki, na kila mmoja anafikia mchapuko wa mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kipimo hicho wako sawa.

Dereva wa kwanza anakanyaga ghafla, anafikia 3 ndani ya sekunde 0.3. Ili kupata mshtuo tunagawanya badiliko la mchapuko kwa muda uliotumika: 3 kugawanya kwa 0.3 ni 10. Kipimo chake ni mita kwa sekunde mara tatu, huandikwa m/s³.

Dereva wa pili anabonyeza kidogo kidogo, anafikia 3 ile ile baada ya sekunde 2. Hapo 3 kugawanya kwa 2 ni 1.5. Breki ni ya nguvu ile ile, lakini mshtuo umepungua karibu mara saba!

Kuna mshtuo mwingine ambao madereva wengi hawaufikirii, nao huja mwishoni. Wakati wa breki mwili wa abiria unajikaza dhidi ya kuvutwa mbele. Magurudumu yakisimama, nguvu ile inatoweka mara moja, na mwili uliojikaza unarushwa nyuma. Dawa yake ni kulegeza breki polepole kabla gari halijasimama kabisa.

Upole huu una gharama, nayo inahesabika. Dereva wa ghafla, asiyelegeza mwishoni, atasimama ndani ya sekunde 5 hivi na mita kama 40. Dereva mpole, akitumia sekunde 2 za kubonyeza na 2 za kulegeza, atahitaji sekunde 7 na mita 52 na nusu. Tofauti ni sekunde 2 na zaidi ya mita 12. Kwa hiyo mpole lazima awe ameacha nafasi mbele yake na ameiona taa mapema. Na mtoto akikatiza barabarani, hesabu hizi zote ziache: kanyaga breki kwa nguvu zote.

Treni, lifti na simu yako

Wahandisi wanaujua mshtuo siku nyingi. Lifti hupangiwa mapema mchapuko uongezeke na kupungua taratibu. Kwenye reli, kona haianzi ghafla: kipande kilichonyooka hupinda kidogo kidogo hadi kufikia kona yenyewe, ili abiria asisukumwe ubavuni kwa mara moja. Treni za abiria waliosimama kwa kawaida hupangiwa mshtuo usiozidi 1 m/s³ hivi katika mwendo wa kawaida.

Mshtuo usio na abiria wa kuulalamikia unasikika hapa hapa, katika Northtown, yadi kubwa ya treni za mizigo ya kampuni ya BNSF upande wa kusini wa Fridley. Kichwa cha treni kikianza kuvuta, mlio wa vyuma hukimbia kutoka behewa hadi behewa, kwani kila kiungo kina ulegevu wake na kila behewa linashtuliwa kwa zamu.

Na wewe unaweza kupima. Simu nyingi za sasa zina kifaa cha kupima mchapuko, na zipo programu za kuonyesha namba zake. Iweke simu imara garini. Ikionyesha 0.5, kisha 2.5 baada ya nusu sekunde, tofauti ni 2; igawanye kwa 0.5, mshtuo ni 4. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kujaribu akiwa kwenye daladala, ingawa konda anayening'inia mlangoni anayajua majibu bila simu.

Jibu la mama

Nilimweleza mama haya yote jikoni, na karatasi ya hesabu mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Kwani wewe hujawahi kubeba ndoo ya maji kichwani? Huanzi kutembea kwa ghafla, na husimami kwa ghafla. Maji hayajali unakwenda haraka kiasi gani."

Wiki iliyofuata tulipita tena barabara ya University. Niliiona taa kwa mbali, nikaacha nafasi, nikabonyeza kidogo kidogo, nikalegeza mwishoni. Gari likasimama. Mama hakushika nyonga. Aliendelea na hadithi yake ya Moshi kana kwamba hatujasimama.