Tochi ikishakumulika, breki haikuokoi

Kwa nini ukikanyaga breki baada ya kumwona trafiki unakuwa umeshachelewa? Tochi yake inatuma mipigo ya mwanga wa leza usioonekana kwa macho. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 300 kutoka kwake, unakufikia na kumrudia ndani ya sehemu mbili tu kati ya milioni za sekunde. Kila mpigo ukirudi mapema kuliko uliotangulia, tochi inajua umesogea kiasi gani na inapiga hesabu ya spidi yako. Sekunde moja haiishi.

Tanzania, kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukizidisha, unapigwa faini. Inauma, lakini si gharama kubwa kuliko zote. Chukua lami kavu, breki nzima na sekunde moja ya kushtuka: kwa 50, gari linasimama baada ya mita 28 hivi, kwa 80, karibu mita 58. Sasa mtoto akatize barabara mita 30 mbele yako.

Ufanyeje basi? Usitegemee wenzako wakuwashie taa. Punguza kabla ya kibao cha 50, na usiongeze mpaka upite kile cha kumaliza. Angalia mshale, usiamini hisia: ukishazoea 100, hata 70 unaiona kama unatambaa. Na kwenye kijiji cha kilomita 3, kukimbia 80 badala ya 50 kunakuokolea dakika moja na sekunde 21. Basi.