Kisunzi cha Mrina Asali: Kuyatambua Maradhi ya Neva ya Mizani Mahali Pasipo na Mashine

Katika misitu ya miyombo inayoizunguka Rungwa, mkoani Singida, urinaji wa asali ni kazi ya kale ya Wakimbu na majirani zao. Mrina huinua uso kuutafuta mzinga uliotundikwa juu ya mti, kisha hupanda. Tuchukue kwamba siku moja, mara tu ainuapo kichwa, mti unaanza kuzunguka. Analikumbatia shina, anafumba macho, na kabla dakika haijaisha dunia imetulia. Usiku, akijigeuza kitandani upande wa kulia, hali ileile inamrudia. Kesho yake anafika zahanati na kutamka neno moja: kizunguzungu.

Neno hilo hubeba mambo mengi. Mwenye njaa hulitumia, na mwenye homa, na mwenye upungufu wa damu, na yule ambaye shinikizo la damu hushuka anaposimama. Ndiyo maana mgonjwa wa sikio la ndani huweza kutibiwa malaria ambayo kipimo hakikuionyesha, au kuambiwa kwamba amerogwa. Wakati huo huo anaendelea kupanda miti, na sekunde 30 za kisunzi zatosha kumwangusha.

Kiungo cha mizani

Ndani ya kila sikio, nyuma ya sehemu ya kusikia, mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo na kuzisukuma seli zenye vinyweleo. Karibu na mifereji hiyo mna vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa, ambavyo huupasha ubongo habari za mwendo wa mbele na nyuma, juu na chini. Taarifa zote hizo husafirishwa na neva ya mizani. Ubongo hulinganisha taarifa za sikio la kulia na la kushoto, kisha huyaongoza macho yasiyumbe. Kwa sababu hiyo, ugonjwa wa sikio la ndani hujidhihirisha machoni, na jicho laweza kutazamwa bila mashine yoyote.

Maswali matatu

Uchunguzi huanza kwa kumsikiliza mgonjwa. Swali la kwanza: anahisi nini hasa? Je, vitu vinamzunguka, anaona giza kama anayetaka kuzirai, au miguu haina uthabiti? La pili: hali hiyo hudumu sekunde, saa au siku? La tatu: huanzishwa na nini? Kisunzi cha sekunde chache kinacholetwa na kulala, kujigeuza au kutazama juu huashiria chembe za chokaa zilizochomoka na kuingia mferejini. Kinachodumu saa kadhaa, pamoja na mvumo sikioni na usikivu unaopungua, huelekeza kwenye ugonjwa wa Ménière. Kinachoanza ghafla na kuendelea mchana na usiku kwa siku kadhaa chaweza kuwa uvimbe wa neva ya mizani, lakini pia chaweza kuwa kiharusi.

Pamoja na maswali hayo, mhudumu hupima shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala na tena akisimama, sukari, wingi wa damu, na malaria iwapo kuna homa.

Kipimo cha kitandani

Mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walieleza kipimo ambacho hakihitaji zaidi ya kitanda. Mgonjwa asiye na maradhi ya shingo huketi, kichwa kikigeuzwa nyuzi 45 upande mmoja. Hulazwa chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda, macho wazi. Chembe zikiwamo katika mfereji wa nyuma, sekunde chache hupita, kisha macho hucheza yakizunguka kuelekea sikio lililo chini, na hutulia kabla ya dakika moja kwisha.

Tiba hufuata papo hapo. Kwa mbinu aliyoichapisha John Epley wa Marekani mwaka 1992, kichwa hugeuzwa polepole upande wa pili, mwili hufuata hadi uso uelekee sakafuni, kisha mgonjwa huketishwa. Kila mkao hudumu takriban nusu dakika. Chembe hurudi mahali pake, na wagonjwa wengi hupona bila kidonge.

Kisunzi kisichokoma

Kwa mgonjwa ambaye kisunzi hakijakatika na macho yanacheza, vipimo vitatu husaidia. Kwanza, mgonjwa huitazama pua ya mpimaji, na kichwa chake hugeuzwa kidogo kwa ghafla. Macho yakichukuliwa na kichwa kisha yakaruka kurudi puani, neva ya mizani imedhoofika. Yakibaki puani, hofu ya kiharusi huongezeka, ingawa jambo hilo huonekana kinyume cha matarajio. Pili, macho yanayobadili mwelekeo wa kucheza kila mgonjwa atazamapo kulia au kushoto huashiria ubongo. Tatu, macho hufunikwa kwa zamu. Jicho linalopanda au kushuka linapofunuliwa huashiria ubongo vilevile. Utafiti wa Kattah na wenzake wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba vipimo hivi, mikononi mwa waliofunzwa, vilitambua kiharusi vizuri kuliko picha ya MRI ya mapema.

Mgonjwa anayeshindwa kusimama au kuketi bila kushikwa, anayeona vitu viwili viwili, ambaye ulimi unakuwa mzito, au anayeumwa kichwa kikali cha ghafla, apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Dawa yenye makali mawili

Wapo wagonjwa ambao hawaoni chochote kikizunguka. Hupepesuka gizani, na watembeapo vitu vinarukaruka machoni. Huyo aulizwe kama alichomwa sindano za jentamaisini au streptomaisini. Dawa hizi huokoa maisha, lakini huweza kuua seli za mizani katika masikio yote mawili, na seli hizo hazioti tena. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye figo dhaifu na kwa anayetibiwa muda mrefu. Kumwuliza kila siku kama anatembea vizuri ni kinga isiyo na gharama.

Kutoka Rungwa hadi hospitali ya Itigi safari ni ndefu, na Dodoma ni mbali zaidi. Kwa hiyo kila rufaa iwe na sababu iliyoandikwa: kisunzi kilianza lini, hudumu muda gani, macho yalifanya nini. Mgonjwa naye ayakumbuke mambo hayo, na mrina asali asipande mti mpaka apimwe.