Somo la Mwalimu Salah

Tulipokuwa Ziwani, Nairobi, tuliwasikia watoto wakimkejeli mwenzao kwa kabila lake, wengine wamenyamaza. Tukawaketisha, tukawasimulia habari ya Mwalimu Salah Farah.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi liendalo Mandera lilivamiwa. Wauaji wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu wakakataa. Mwalimu akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kwa jeraha hilo.

Mtoto akauliza: "Wale Wakristo walikuwa jamaa zake?"

"La, walikuwa abiria wenziwe tu."

Suratul Hujurat, aya ya 11, yakataza watu kuwadharau wenzao. Basi wazazi, mtoto arudipo kutoka skuli, tusimuulize alama pekee. Tumuulize: nani ameonewa leo, nawe ulifanya nini?