Utando wa Rangi kwenye Sarafu za Fedha: Vigezo vya Kutambua Uhalisi na Kukadiria Bei ya Rupia za Kijerumani katika Eneo la Arusha na Meru

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna utando wa rangi unavyojijenga juu ya sarafu za madini ya fedha, na jinsi utando huo unavyoweza kutumika kama ushahidi wa uhalisi na kama kigezo cha bei. Mfano mkuu ni rupia zilizotumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambazo bado hupatikana mikononi mwa watu jijini Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hoja ya msingi ni kwamba utando ni kumbukumbu ya mahali sarafu ilipokaa, na kuusugua ni kufuta ushahidi na thamani kwa pamoja.

1.0 Usuli

Rupia za Kijerumani ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 hadi 1902. Upande mmoja ina kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai, na upande wa pili ngao yenye simba na mtende. Aina ya pili ilitolewa na serikali ya koloni kuanzia mwaka 1904 hadi 1914. Hiyo ina thamani ya sarafu ndani ya makuti, pamoja na herufi A kwa kiwanda cha Berlin au J kwa kiwanda cha Hamburg. Mwaka 1904 pia ndipo rupia moja ilipogawanywa katika heller 100. Awali iligawanywa katika pesa 64.

Katika eneo la Meru, sarafu hizi haziwezi kutenganishwa na historia ya utawala wa mabavu. Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Historia Asilia, lilijengwa mwaka 1900 baada ya misafara ya kijeshi dhidi ya Wameru na Waarusha. Kodi ya nyumba ilianza kutekelezwa katika koloni mwaka 1898, na kiwango cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Kwa hiyo rupia iliyobaki sandukuni mwa ukoo inaweza kuwa salio la ujira au la biashara ya mifugo, au akiba iliyowekwa kwa ajili ya kodi. Nyingine zilitobolewa na kuvaliwa kama pambo.

2.0 Utando unavyojijenga

Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila 1,000 ni fedha; iliyobaki ni shaba. Fedha haishiki kutu kama chuma. Badala yake huungana na salfa iliyomo hewani, katika karatasi duni, sufu, mpira na vyakula kama mayai, na kufanya utando mwembamba wa salfaidi ya fedha. Utando huo hauna rangi za upinde wa mvua kwa asili yake. Rangi hutokana na mwanga unaorudi kutoka juu ya utando kukutana na ule unaorudi kutoka kwenye madini chini yake, kama ilivyo kwa mafuta yaliyotanda juu ya maji. Rangi inayoonekana hutegemea unene wa utando.

Kwa sababu hiyo rangi hufuatana kwa mpangilio. Utando mwembamba huanza na manjano hafifu, hukolea kuwa rangi ya dhahabu, kisha zambarau yenye wekundu, kisha buluu. Unene ukiongezeka, mzunguko wa pili huleta tena manjano na waridi, na hapo ndipo kijani hujitokeza. Mwisho wake ni kijivu cheusi. Sarafu iliyofungwa katika karatasi kwa kawaida hupata rangi nzito ukingoni na nyepesi katikati, kwa kuwa hewa huingia kutoka pembeni.

Mambo matatu yanayoonekana katika mazingira ya Meru hayana budi kutofautishwa na utando huu. La kwanza ni masizi. Sarafu iliyokaa darini juu ya jiko la kuni hufunikwa na weusi wa moshi, ambao hukaa juu ya madini bila kuungana nayo. La pili ni ukoko wa ardhini. Sarafu iliyozikwa hupata kijivu kilichofifia, madoa ya kloraidi na kutu ya kijani itokanayo na shaba. La tatu ni weusi wa mavazi: sarafu iliyovaliwa shingoni hung'aa mahali palipoguswa na ngozi au nguo, na hubaki nyeusi katika mifereji ya herufi.

3.0 Kutambua uhalisi

Maswali mawili yatenganishwe: je, sarafu ni halisi? Na je, rangi yake ni ya asili? Sarafu halisi yaweza kutiwa rangi ya bandia, na sarafu ya bandia yaweza kuachwa miaka mingi ikapata utando wa kweli.

Kwa swali la kwanza, uchunguzi huanza na maandishi. Rupia yenye simba na mtende lakini yenye mwaka baada ya 1902 haiwezi kuwa halisi. Kisha hufuata vipimo. Fedha haivutwi na sumaku, ingawa shaba nyeupe na shaba ya njano nazo hazivutwi. Kwa hiyo sumaku hukataa tu, haithibitishi. Kipimo chenye nguvu zaidi ni uzito ndani ya maji. Rupia halisi ya gramu 11.66 ikining'inizwa majini hupungukiwa na takribani gramu 1.13, ambayo ni sawa na msongamano wa 10.3. Kipande cha shaba ya njano chenye uzito uleule hupungukiwa na takribani gramu 1.37. Mizani ya sonara yenye kusoma sehemu za mia za gramu yatosha kwa kazi hii. Hata hivyo, kipimo hiki hakimfichui mghushi aliyetumia fedha ya kweli. Hapo hutazamwa vitundu vidogo vya kusubu, herufi zilizovimba na mshono ukingoni.

Kwa swali la pili, vigezo vinne vinafaa. Kwanza, mpangilio: kijani kinachopakana moja kwa moja na fedha nyeupe, bila manjano wala zambarau kati yake, kinatia shaka. Pili, mng'ao: utando wa asili huruhusu mng'ao wa awali uonekane kupitia rangi, ilhali rangi ya moto au ya kemikali mara nyingi hukaa kama rangi iliyopakwa. Tatu, mikwaruzo: rangi angavu ikiwa imejaa ndani ya mikwaruzo ya usafishaji, basi imekuja baada ya usafishaji, na sababu yake itafutwe. Nne, maelezo ya muuzaji: sarafu inayodaiwa kuchimbuliwa jana lakini yenye upinde wa mvua haipatani na historia yake. Tone la asetoni halitaondoa salfaidi, bali litaondoa vanishi, mafuta na rangi za kupaka.

4.0 Kukadiria bei

Bei ina tabaka. Tabaka la chini ni madini: rupia moja nzima ina takribani gramu 10.7 za fedha safi, na hakuna sababu ya kuiuza chini ya hapo. Juu yake huja uadimu wa mwaka na kiwanda, kisha hali ya uchakavu, na mwisho ndipo uzuri wa utando. Mpangilio huu ni muhimu, kwa sababu wakusanyaji hulipa nyongeza ya rangi hasa kwa sarafu ambazo hazikuzunguka sana na bado zina mng'ao. Kampuni za upimaji za PCGS na NGC nchini Marekani hazitoi daraja la kawaida kwa sarafu ambayo rangi yake inatiliwa shaka. Rupia iliyopita mikono mingi haipandi bei kwa weusi wake, lakini hushuka ikisuguliwa.

Hapa ndipo hasara kubwa ya wauzaji wa vijijini ilipo. Majivu, ndimu, dawa ya meno na stilwaya huondoa utando pamoja na uso wa madini. Tundu na kikuku kilicholehemiwa pia hupunguza bei ya soko, ingawa kwa mtafiti wa utamaduni huweza kuongeza thamani ya ushahidi.

Kwa wanunuzi, hatari iko upande mwingine. Imani iliyoenea juu ya hazina zilizozikwa na Wajerumani imefanya neno “rupia” libebe matumaini makubwa kuliko sarafu yenyewe. Yeyote anayedai rupia ya kawaida ina nguvu au madini ya siri anauza hadithi. Uangalifu zaidi unahitajika kwa rupia 15 za dhahabu zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo, kwa kuwa huigizwa sana. Aidha, kuchimba mabaki ya kale bila kibali kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

5.0 Hitimisho

Utando wa rangi hausimami peke yake kama uthibitisho. Hupata maana unapolinganishwa na maandishi, uzito, msongamano na historia ya mahali sarafu ilipohifadhiwa. Kwa hiyo utaratibu unaopendekezwa ni huu: sarafu isisafishwe, ipigwe picha pande zote mbili na ukingoni, ipimwe hewani na majini, kisha maelezo ya mwenye sarafu yaandikwe kabla ya bei kutajwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayopotea kwa urahisi zaidi, kwani sarafu ikishavuka kaunta ya sonara, jina la kijiji na habari za ukoo hazirudi tena.