Presha Haijapona kwa Sababu Umehisi Nafuu: Wazee Wahimizwa Kutoacha Dawa

Mzee hupewa dawa za presha katika zahanati. Baada ya wiki kadhaa kipimo kinashuka, analala vyema na kuona kwamba amepona. Vidonge vinapoisha, harudi kuchukua vingine. Asichojua ni kwamba kipimo kilishuka kwa sababu ya vidonge hivyo. Presha hupanda tena kimyakimya, na huenda familia ikagundua siku anapopatwa na kiharusi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu. Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, kwa kuwa mishipa ya damu hukakamaa. Wengi hawahisi dalili yoyote, hivyo njia ya pekee ya kujua ni kupimwa.

Kupimwa ipasavyo

Mtu huhesabiwa kuwa na presha ikiwa nambari ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, katika vipimo vya siku tofauti. Kabla ya kupimwa, mzee aketi atulie kwa dakika tano, miguu ikiwa chini na mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Asinywe chai ya majani wala kahawa, na asivute sigara, kwa nusu saa kabla.

Si lazima kusafiri mbali. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba, waliozinduliwa kitaifa Septemba 2023, walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha.

Dawa

Vidonge humezwa kila siku, saa ile ile, hata mzee akijihisi mzima. Akisahau siku moja, asimeze mara mbili siku inayofuata. Arudi kliniki wiki moja kabla ya dawa kuisha, akiwa na kitabu chake na dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba. Dawa ya jirani haifai, hata ikiwa inafanana na yake.

Wazee wenye maumivu ya viungo wawe waangalifu zaidi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani bila kuulizwa, zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mhudumu wa afya ataeleza ni ipi iliyo salama.

Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na kwa mzee kuanguka kunaweza kumvunja nyonga. Anapoamka, aketi kwanza kando ya kitanda, kisha asimame polepole. Kizunguzungu kikiendelea, aende kliniki akabadilishiwe dawa au kipimo chake, badala ya kuiacha mwenyewe.

Jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Chumvi hiyo pia imo katika viungo vya mchuzi vya pakiti, samaki wa chumvi na krispi. Hata magadi yanayolainisha maharagwe na mboga za kienyeji yana sodiamu, ile ile inayopandisha presha. Ndimu, dania, tangawizi na vitunguu saumu hutia ladha bila madhara hayo. Kutembea kila siku, kupunguza pombe na kuacha sigara na ugoro pia husaidia.

Gharama na dharura

Mzee aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#, na jamaa au mhudumu wa afya ya jamii anaweza kumsaidia.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hicho huenda ni kiharusi. Usimpe mgonjwa chakula, maji wala dawa. Mfikishe hospitalini mara moja, na ukumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza.