Kimiminika Mahali pa Springi: Njia ya Kufundisha Upimaji wa Mitikisiko ya Polepole

Katika kufundisha mtetemo wa springi, walimu wengi huishia kwenye kanuni. Mwanafunzi huikariri, hujibu mtihani, asijue ina kazi gani. Makala haya yaeleza namna ya kulipa somo hilo swali la kweli: mtikisiko wa ardhi unaochukua sekunde nyingi kwenda na kurudi hupimwaje?

Yafaa kuanza na jaribio. Ning'iniza uzito kwenye springi, pima urefu ulioongezeka, kisha pima muda wa mtetemo mmoja. Springi yenye muda wa sekunde 1 huwa imevutwa na uzito wake sentimita 25 hivi. Je, ya sekunde 10? Wengi watajibu mita 2.5. Jibu ni mita 25 hivi, kwani urefu huo hufuata kipeo cha pili cha muda. Sasa darasa limeona lenyewe kwamba springi ya kawaida haifai katika chombo kidogo.

Hatua ya pili, weka maji katika sahani, uisukume ghafla. Maji hubaki nyuma. Basi kimiminika nacho chaweza kuwa uzito wa kupimia. Vyombo vya umeme vya namna hii vilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1950.

Ndani ya mfereji mna maji yenye chumvi ya iodidi na iodini kidogo. Elektrodi nne za platini hupangwa hivi: anodi, kathodi, kathodi, anodi. Kimiminika kikitulia, mikondo ya kathodi mbili huwa sawa. Chombo kikitikisika, kimiminika husogea, huipelekea kathodi moja ayoni nyingi zaidi na kuipunguzia nyingine. Tofauti ya mikondo hiyo ndiyo kipimo cha mwendo. Ncha za mfereji hufungwa kwa ngozi laini za mpira, ambazo hukirudisha kimiminika taratibu.

Siku hizi elektrodi hutandazwa juu ya vibamba vya silikoni, kwa ufundi ule ule utengenezao saketi ndogo za kompyuta. Hivyo nafasi kati yake huwa ndogo mno na hulingana katika kila chombo.

Mwisho, mwalimu aulize: joto likipanda, itakuwaje? Ayoni huenda kasi zaidi na mkondo hubadilika; ndiyo maana chombo huhitaji kurekebishwa kwa kadiri ya joto. Mwanafunzi atakayelifikia jibu hilo mwenyewe ameelewa somo.